Shemeji Twalib Alivyoliombea Gari Langu Hisani

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, ndani ya duka la magari lenye vioo pande zote, wapita njia wananiona, nami nimekumbatia sanduku la halua kama mtu aliyepotea njia ya harusini. Mbele yangu meneja ameweka kalamu chini. Ubavuni mwangu shemeji yangu Twalib anatabasamu, maana yeye alidhani amesema vizuri.

Nawaeleza tangu mwanzo. Anayetaka kucheka angoje nimalize.

Wanaonijua wajua mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilibaki bandarini. Fidia yake nikaiongezea akiba yangu, nikanunua gari. Jipya, la dukani, lina harufu ya plastiki. Watu waliniambia nitafute lililotumika. Nikasema mimi nimetoa vidole, sikalii kiti kilichokaliwa na mtu. (Kiburi hicho. Kiandikeni.) Miaka mitatu gari lile limenilisha. Nabeba wageni kutoka Ngome ya Yesu hadi uwanja wa ndege, na wikendi nabeba mabibi harusi.

Waranti ikaisha. Haikupita hata miezi miwili (mtu aniambie gari lilijuaje tarehe), giaboksi ikakamata pale Makupa, katikati ya barabara, nyuma yangu lori la kontena. Yule dereva alikanyaga breki mpaka nikayaona meno yake kwenye kioo. Nikapona. Kupona ndiyo kazi niliyosomea. Lakini gari halikusogea tena.

Sasa hapa pana kosa langu, na nalisema mwenyewe kabla hamjaniambia. Ningelipeleka kwa waliouza siku ile ile. Lakini Saidi Nati ana gereji yake Makadara, tumekua pamoja, na ukimruka fundi wako mtaa mzima watasema umejiona. Saidi akaweka sikio kwenye giaboksi, akasema, "Kitu kidogo hiki, bwana. Kesho jioni utaliendesha."

Hiyo kesho ina wiki tatu.

Aliyenipa moyo ni Rukia, binti wa jirani, anafanya kazi afisini na anajua mambo ya barua. "Ami," akaniambia, "hata waranti ikiisha, mtengenezaji anaweza kukusaidia kwa hisani yake, kama ubovu ni wa kiwandani na wewe umelitunza gari. Tuombe." Tukaomba. Yeye aliandika, mimi nikatia sahihi. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, giaboksi imewahi kufunguliwa na fundi wa nje? Rukia akainua kalamu, akanitazama.

"Hapo paache wazi, mwanangu," nikamwambia.

Jana meneja akapiga simu. Njoo kesho saa nne.

Sisi watu wa Mji wa Kale hatuendi kuomba jambo kubwa mikono mitupu, wala hatuendi bila msemaji. Na msemaji wetu ni Twalib, ndugu wa mke wangu. Ameposea nusu ya vijana wa Ndia Kuu na hajawahi kurudishwa. Akaja na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya vito, na udi uliomfanya dereva wa tuktuk apige chafya njia nzima. Nilimpa neno moja tu.

"Shemeji, wewe sema gari limetunzwa."

"Niachie mimi."

(Nikamwachia.)

Meneja ni mama wa bara, Bi Mumbua, mpole. Akatupa viti, akafungua faili. "Mzee Athmani, kuna habari nzuri. Kiwandani wamekubali kwamba giaboksi za toleo hilo zina kasoro. Wako tayari kukuwekea mpya, bila malipo. Limebaki swali moja tu hukujibu."

Akanigeuzia karatasi.

Nikakohoa. Labda ningesema kweli, taratibu, kwa unyenyekevu, na yule mama angenihurumia. Labda ningesema uongo. Mpaka saa hii sijui ningesema lipi, na hilo ndilo linaloniuma. Sikupata nafasi. Twalib alikuwa ameshasimama.

"Mama," akasema, "tumekuja mbele yenu kwa heshima na haja. Huyu Athmani mwamwona hivi, lakini gari hili amelilea. Halikupata siku ya kukosa matunzo. Lilipougua tu, siku ile ile akalikimbiza kwa Saidi Nati, fundi wa watu wazito. Saidi akaifungua giaboksi kwa mikono yake, akaiosha kwa petroli kama mtoto mchanga. Hatukuridhika. Tukamwita Omari wa Majengo, naye akafungua. Akaja na mwengine, jina limenitoka, naye akafungua. Hatukubakisha fundi, mama."

Nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu, akaendelea.

Bi Mumbua akauliza polepole, "Kwa hivyo imefunguliwa mara tatu?"

"Nne," Twalib akasema kwa fahari, "ukihesabu na ile ya kutafuta spana ya Saidi iliyosahauliwa ndani."

Hapo ndipo kalamu ilipowekwa chini.

Yule mama hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Mzee, ungetuletea sisi kwanza," akafunga faili kwa viganja viwili, kama mtu anayefunika maiti.

Halua tuliiacha kule, msemaji harudi na zawadi yake. Wafanyakazi wakaila tukiwatazama. Mmoja akaniuliza imenunuliwa wapi.

Kwenye tuktuk ya kurudi Twalib akanipigapiga begani. "Usiwe na wasiwasi, shemeji. Mtu akishakula halua yako, amekubali."

Hapa najibu. Walioniuzia gari, ninyi mmesema kwa vinywa vyenu giaboksi ilitoka kiwandani na kasoro. Spana ya Saidi iliingia humo ikakuta imeshakufa. Nataka mnijibu hilo, kwa maandishi. Saidi Nati, na wewe njoo unijibu, na spana yako sikupi. Mimi yangu nimeshayakiri.

Na wewe Twalib, najua Rukia atakusomea haya. Jumamosi kuna bibi harusi Ndia Kuu anangoja gari. Posa yake ulisema wewe. Gari uliwaahidi wewe, langu, bila kuniuliza. Basi saa kumi juu ya alama utasimama mlangoni kwa babake na kanzu yako hiyo hiyo, umweleze binti liko wapi. Sema kwa kirefu, kama unavyojua.