Vichujio Vyote Nimevivunja

Jumatatu, 4 Machi
Fundi wa simu kaja kufunga intaneti. Kwa waya uleule wa simu ya mezani! Eti sauti ya mtu hupita masafa ya chini, intaneti ya juu, waya mmoja, wala hazigombani. Kisha akachomeka kikasha kwenye kila simu, sebuleni na chumbani. Kichujio. Kinachuja! Yaani nalipia intaneti nzima, wao wananichujia! Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Alhamisi saa nne nina usaili wa kazi, kwa video. Ukaguzi wa ghala. Miezi saba niko nyumbani. Shemeji, kaka wa mke wangu, kaomba kazi hiyohiyo. Hana haya!

Jumanne, 5 Machi
Mke kaenda kazini. Nimevitoa vyote viwili na kuviponda kwa nyundo, asije akavirudisha. Nimejaribu video. Safi kabisa! Wezi wakubwa.

Jumatano, 6 Machi
Simu inakoroma. Mke analalamika hamsikii mama yake. Kauliza vikasha viko wapi. Nikasema fundi kavichukua. Kaniangalia mpaka nikakasirika. Kwani kutengeneza nyumba yangu mwenyewe lazima nihojiwe?

Alhamisi, 7 Machi
Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi. Mabosi watatu kwenye skrini. Swali la kwanza: je, nafuata maelekezo? Nafungua mdomo, simu inalia. Mama mkwe! Mke yuko mapumziko leo, akainua kule chumbani. Skrini ikaganda, mdomo wangu wazi. Nikapiga kelele akate. Hakati! Mama mkwe anasimulia goti lake, la kushoto, kwa dakika ishirini. Niliporudi hewani sikukuta mtu.

Jioni wameandika kwamba wameshapata mtu. Shemeji. Nimelia, nakiri. Ile kazi niliitaka kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Mke kamwita fundi. Fundi akasema bila vichujio, ukiinua simu tu, sauti na intaneti zinavurugana. Akauliza alivyoleta viko wapi. Mke akanigeukia, kisha akafungua pochi kulipia vingine. Afadhali angenitukana! Vimefungwa vipya, nimekatazwa kuvigusa. Sawa, sivigusi.

Ila nimechunguza. Waya wote, kutoka nguzoni hadi sebuleni, wameuvika plastiki. Shaba imezibwa pumzi! Ndiyo maana. Jumatatu nina usaili mwingine. Kesho mke anakwenda kwa mama yake, na kisu nimeshakinoa.