Karatasi Tatu za Echizen

Utapeli mzuri, Kuzumi alipenda kusema, hauanzi na uongo. Unaanza na mtu mwenye tamaa. Huyo alimpata asubuhi moja mjini Kyoto, kwenye duka la keki za maharage: Bwana Ukai, tumbo mbele, akiwakodolea macho wateja waliokuwa wakimpita kwenda kwa jirani. Keki za jirani zilikuwa zilezile. Ila za jirani zilifungwa kwa karatasi, zake kwa plastiki.

Kuzumi akaingia, akainama.

"Bwana, mteja hanunui keki. Ananunua karatasi."

"Eti nini?"

"Mji huu nani anafungua zawadi mbele ya aliyeileta? Si aibu hiyo! Basi kinachoonekana ni nini? Kisanduku! Niachie wiki moja, duka hili nilipe umri wa miaka mia tatu."

Duka lilikuwa na miaka ishirini na sita. Ukai akameza mate.

Pembeni, Bibi Sayo, mama yake Ukai, alikuwa akikaanga majani ya chai ya kuuza. Kuzumi alimtazama mara moja akamfuta akilini. Vikongwe hawakuwa fani yake.

Sasa, tumtendee haki mwizi wetu: kitu kimoja cha halali alikuwa nacho. Ujanani alijifunza kutengeneza karatasi kule Echizen, na mwalimu wake, Mungu amrehemu, alimwachia karatasi tatu alizozitengeneza kwa mikono yake, nyepesi kama ganda la kitunguu. Kuzumi alishauza saa ya babake na pete ya ndoa. Hizo tatu hakuziuza. Zilikuwa chambo chake, na kila mara alirudi nazo nyumbani. Alizipenda, basi.

Wiki ilipokwisha alileta mzigo wa karatasi mia tano. Tatu za juu, zile za mwalimu. Nyingine zote, za kiwandani, alizichemsha mwenyewe kwenye sufuria ya chai mpaka zikazeeka.

"Zinanukia vizuri," alisema Bibi Sayo, akiinamia mzigo.

"Ni harufu ya mlimani, mama."

"Ya mlimani! Haya."

Kuzumi akakunja kisanduku kimoja kwa karatasi ya juu, bila tone la gundi, akakizungushia uzi wa karatasi.

"Hili ni fundo la kipepeo. Linafunguka, linafungwa tena, ili mteja naye arudi tena. Lile la kukaza, lisilofunguka, ni la harusi. Jambo la mara moja, lisijirudie."

"Kumbe!" alisema bibi. "Mtu hazeeki kujifunza."

Ukai machozi yalimlengalenga. "Mama, mlipe bwana fundi!"

Bibi akaubeba mzigo ndani kuuhifadhi, akaziacha zile tatu mezani, akakawia kidogo, akarudi na bahasha nyeupe ya heshima, nene kama tofali, imefungwa kwa uzi mwekundu na mweupe. Kuzumi akaipokea kwa mikono miwili.

"Na hizi tatu ni sampuli tu, mama, naondoka nazo."

"Tuachie, mwanangu, tujifunzie kukunja. Au turudishiane vyote, tuanze upya?"

Kuzumi akazitazama karatasi. Akaitazama bahasha. Roho ikamuuma kweli, lakini unene ule! Akainama mara tatu, akaondoka. Kufungua pale pale? Kwani hana adabu?

Kwenye benchi la stesheni fundo likakataa. Akavuta. Akatumia meno. Ndipo akaliona: fundo la kukaza. Akatabasamu, maskini. Bibi wa watu hajui mafundo!

Ndani mlikuwa na karatasi zake mwenyewe, zimekatwa ukubwa wa noti, zinanukia chai. Juu yake, kwa maandishi ya brashi: "Mlima huu tunauuza hapa dukani, kwa gramu mia."

Angeenda polisi akasema nini?

Mwezi uliofuata hakuweza kuvumilia, akarudi. Foleni ilifika kona. Karatasi zilizobaki zilikuwa zikifungia chai, maana zilishanukia tayari. Na dirishani, chini ya taa, visanduku vitatu.

"Mama," alisema zamu yake ilipofika, "vile vya dirishani bei gani?"

"Haviuzwi, mwanangu."

Akamfungia keki moja. Kwa plastiki.

Kila mteja bibi alimuaga, "Karibu tena." Kuzumi alisubiri kidogo, mkono kwenye mlango.

"Kwaheri," alisema Bibi Sayo, akamwita wa nyuma yake.