Ubora na Udhaifu wa Taji la Falme Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mchapishaji amenipigia simu kazini. Riwaya yangu ya kwanza, *Taji la Falme Kumi na Moja*, kurasa mia nane na kumi na mbili, ina miezi minne tangu itoke na bado imejaa stoo kwake hadi mlango haufungi. Nikamwambia kazi kubwa huchelewa kueleweka. Akasema yeye hana shida na kueleweka, shida yake ni mlango. Kisha akatoa neno lake la mwisho: kitabu kisipohakikiwa kwenye gazeti la Jumapili kabla ya mwezi kwisha, cha pili hakichapi.

Cha pili nimeshakiandika. Kurasa mia tisa. Jioni zangu za miaka sita zimo humo. Na mwisho wa kitabu cha kwanza nimemwacha shujaa wangu, Mrithi, ananing'inia kwenye ukingo wa jabali kwa mkono mmoja. Siwezi kumwacha pale maisha yake yote.

Rula amesikia kila kitu. Huyu ni mwenzangu hapa ofisi ya ramani, meza yake imegusana na yangu. Tumempa jina hilo kwa sababu hata saini yake huipigia mstari kwa rula. Mwaka juzi aliandika kijitabu cha upelelezi, kurasa tisini tu, kikahakikiwa gazetini. Uhakiki wenyewe ameukata na kuulaza chini ya kioo cha meza, ukiwa umegeuziwa upande wangu. Akaniambia kwa upole nisikate tamaa. Nilimshukuru shingo upande.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Kama hakuna wa kukihakiki kitabu changu, nitakihakiki mwenyewe. Nani anakijua kuliko mimi? Jina: Msomaji Makini. Nimefungua anwani mpya ya barua pepe wakati wa chai, Rula akiwa amekwenda kuchonga penseli. Mhariri wa ukurasa wa vitabu anataka pia namba ya simu ya mhakiki. Yangu siwezi kuitoa. Yeye na mchapishaji ni chanda na pete, na mchapishaji anayo. Nimetoa ya mke wangu. Watu hawa huwa hawapigi.

Uhakiki umejiandika wenyewe. Maneno mia sita. Nimesifu upana wa mawazo, uzito wa lugha, ukoo wa wafalme wa vizazi kumi na vinne, na hasa ramani iliyokunjwa mwanzoni mwa kitabu, ambayo kusema kweli ni kazi ya hali ya juu. Nilipofika mahali mhakiki anakiri kwamba alikosa hamu ya kula akisubiri Mrithi avuke Jangwa la Majivu, machozi yalinilenga. Rula akauliza kama nina mafua.

Alhamisi, 6 Machi

Mhariri amejibu. Anasema uhakiki ni mzuri ila ni nusu. Ukurasa wake una safu mbili, Ubora kushoto na Udhaifu kulia, na lazima zilingane urefu, maana mpangaji wa kurasa hana cha kujazia mahali patupu. Nimempelekea Ubora wa sentimita thelathini na moja. Anauliza Udhaifu uko wapi.

Njia rahisi ilikuwa kupunguza Ubora. Nimejaribu. Nimefuta neno "sana" mara mbili, kisha moja nikalirudisha. Hakuna kingine cha kufuta.

Basi nimekaa na karatasi mapumziko yote ya mchana nikitafuta udhaifu. Nimepata huu: kitabu ni kizito kwa wasomaji wenye mikono dhaifu, na tena kinakwisha mapema mno. Nimepima. Sentimita moja na nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemzunguka Rula. Nilimpa nakala bure tangu mwanzo, nikamsainia, kwa hiyo ana wajibu. Nikamwuliza kwa mbali kama kuna mahali alipokwama. Akasema hajakwama, ila amefika ukurasa wa kumi na tisa na bado watu wanatambulishana. Akaongeza kwamba kitabu kinamfaa sana, kinakandamiza michoro isijikunje. Nikaona kweli, kiko juu ya mchoro wa bomba la maji taka.

Hilo la kutambulishana nimeliandika. Jumla sentimita mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ni msimamizi wa jiko la hospitali. Hulisha watu mia tatu, mara tatu kwa siku. Sijawahi kumshurutisha asome kitabu changu. Nilishamweleza zamani kwamba hadithi za aina hii zina wenyewe. Leo tulikuwa tunakunja nguo, nikamtupia swali kama mzaha: mtu akitaka kulisema *Taji* vibaya, angesema nini? Akaniuliza kama nataka kweli. Nikasema nataka. Kumbe amekisoma chote. Mara mbili.

Akaanza na jeshi. Wanajeshi elfu arobaini wanatembea siku sabini na mbili na hakuna anayekula. Hakuna jiko, hakuna kuni, hakuna hata mtu mmoja anayesugua sufuria. Yeye akichelewesha uji nusu saa tu, wodi nzima inamtaja kwa jina. Halafu Malkia wa Chumvi: anaingia ukurasa wa hamsini, hafungui mdomo hadi wa mia nne na tatu, na akiufungua anasema "Ndiyo, bwana wangu." Halafu watu wabaya wote wana jicho moja moja. Amewahesabu, ni kumi na saba, akataka kujua kuna ugonjwa gani katika falme hizo. Mrithi anachomwa mkuki bega la kushoto sura ya tano, sura ya sita anauguzwa la kulia. Utabiri wa mchawi mkuu unarudiwa mara tisa, neno kwa neno, kama tangazo la stendi. Na falme zenyewe amezihesabu kwenye ramani. Ziko kumi.

Nikamwambia haiwezekani. Nachora ramani kwa mshahara, mwaka wa kumi na nane huu. Tukaikunjua sakafuni katikati ya mashuka. Mipaka safi, mito safi, kipimo sawasawa, mshale wa kaskazini wa kupendeza. Falme kumi. Ufalme anakotoka Mrithi haupo.

Wakati wote huo nilikuwa naandika mbio kwenye daftari. Akaona, akawa anaongea taratibu ili nimfuate. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa siku zile tunachumbiana. Sijui udhaifu wa kitabu changu unamfurahisha nini kiasi hicho.

Baada ya chakula nimepima. Na yale ya Rula, sentimita thelathini na moja kamili. Jumatatu napeleka.

Jumapili, 16 Machi

Gazeti limetoka. Nilimfuata muuza magazeti kabla hajamaliza kuyapanga, nikachukua matatu.

Kuna tangazo la magodoro. Ni kubwa, la rangi, na wameliweka juu ya safu ya Ubora. Ubora uliosalia ni sentensi ya kwanza: "Kitabu hiki kina jalada gumu." Chini yake mwanamume amelala chali anatabasamu. Udhaifu umechapwa wote, hadi nukta ya mwisho.

Nimeusoma nimesimama palepale. Kinachoniuma zaidi ni kwamba umeandikwa vizuri. Muuza magazeti naye alikuwa anausoma, alipofika kwenye sufuria akacheka mpaka akashika nguzo. Akaniuliza kama hicho kitabu nakifahamu. Nikasema nimekisikia.

Nyumbani nimesema gazeti limekwisha. Mke wangu hakuuliza zaidi. Magazeti matatu yako kabatini chini ya sweta zangu.

Jumatatu, 17 Machi

Rula ametoa nakala za uhakiki. Kila meza ina moja, na zote amezikata kwa rula. Anasema amefanya hivyo ili ofisi nzima inipe moyo.

Mkuu wa ofisi ameniita. Kuhusu riwaya hakusema kitu. Amefunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna wilaya yoyote niliyowahi kuisahau. Nimeagizwa kupitia upya ramani zangu zote za miaka mitatu iliyopita.

Namchukia huyu Msomaji Makini. Ni mtu wa kijicho, hana kazi, anahesabu macho ya watu. Nilikuwa nimeshamwandikia mhariri nusu ukurasa wa kumshambulia ndipo nikakumbuka ni nani.

Jumatano, 19 Machi

Nimeitwa na mchapishaji. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nikakuta mlango wa stoo unafungika. Anasema tangu Jumapili watu wanakuja kununua wenyewe. Wengine wanataka kuhesabu macho, wengine wanaitaka ramani. Kuna mzee mmoja mpima ardhi mstaafu amechukua nakala nne. Kitabu cha pili kitachapwa. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Kuna sharti moja. Msomaji Makini lazima aupitie mswada kwanza, na neno lake ndilo la mwisho.

Hapo nikaona mlango wa mbinguni umefunguka. Nikainamisha uso kwa huzuni, nikasema ni kidonge kichungu lakini kwa ajili ya sanaa nitakimeza. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Mimi ndiye nitakayejipitia, na mimi najua ninavyojipenda.

Mchapishaji akasema vizuri, maana huyo mhakiki ameshampata. Alipewa namba na mhariri. Ni mama mmoja mwenye sauti tulivu, nyuma yake sufuria zinagongana. Alimwuliza kama ndiye aliyesema yale. Mama akaomba asomewe. Akasomewa yote, jeshi, Malkia, macho, ramani. Akasema ndiyo, maneno ni yake. Jana ameweka saini.

Sikumbuki nilivyofika kituo cha basi. Nyumbani nilijifanya sijui kitu. Mke wangu naye alijifanya hajui kitu. Tumezungumzia paa la jirani jioni nzima.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nimeshindwa kuvumilia. Nilimkuta anafunga kamba za viatu, nikamwambia yote: mhakiki, anwani, namba, safu mbili, magodoro. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alisema gazeti alilisoma Jumapili ileile, mpishi wake mmoja alilileta kazini na kulisoma kwa sauti, na jiko zima likacheka, na yeye akacheka nao huku anatambua kila neno.

Kisha akasema lililomkaa moyoni. Miaka sita nimempa mgongo kila jioni nikiandika. Alipomaliza kukisoma mara ya kwanza alitaka kuniambia, akakumbuka nilivyosema hadithi hizi zina wenyewe, akanyamaza. Siku ile ya nguo aliniona naandika kila anachosema, akafikiri leo mume wangu ananisikiliza. Kumbe napima sentimita.

Nimeona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya mkeka. Nilimwomba radhi, na kwa mara ya kwanza mwezi huu sikuwa na hila nyuma yake. Akafikiri, akasema kazi ataifanya, ila kwa jina lake mwenyewe, liandikwe ndani ya kitabu, na yeye mwenyewe atamweleza mchapishaji ukweli leo hii. Na kuanzia sasa hakuna kufanya jambo kwa mlango wa nyuma. Nikaapa. Mchana mchapishaji amenipigia, hakusema kitu kwa dakika nzima, alikuwa anacheka.

Jumamosi, 29 Machi

Leo mke wangu amenirudishia sehemu ya kwanza. Amefuta kurasa sitini za mwanzo, zote, kwa mstari mmoja wa penseli kutoka kona hadi kona. Humo mlikuwa na historia ya jabali: nani alilipa jina, vita vitatu vilivyopiganwa chini yake, aina za mawe. Akanieleza kwa utaratibu kwamba kuna mtu ananing'inia.

Nimesoma alivyopanga. Sasa Mrithi anavutwa juu ukurasa wa pili, na anayemvuta ni Malkia wa Chumvi, na anamsema vibaya huku akimvuta. Moyo wangu ulidunda, na mimi ndiye niliyeandika. Nikamwambia ana haki. Nikamwambia kitabu kimekuwa kizuri kuliko nilivyokiweza. Alinishika mkono, tukakaa hivyo kwenye kochi muda mrefu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nianze kuandika. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba nimejifunza.

Alipokwenda kuoga nikatoa kalamu yangu ya nusu milimita. Ramani ya kitabu cha pili ni kazi yangu, hilo liko kwenye mkataba, na kurasa sitini si nyingi ukiziandika ndogo. Maneno ya vita vya kwanza yameenea vizuri kwenye Mto wa Kaskazini, kutoka chanzo hadi mdomo. Aina za mawe nimezigawa kwenye vijito. Kwa mbali ni maji tu.

Amerudi amejifunga kanga, akasimama nyuma yangu anaangalia. Ameuliza mbona mto huu una matawi mengi hivi. Nimemwambia ni nchi ya mvua. Ameinama kidogo, akatazama tena, akasema ngoja.

Amekwenda kuchukua miwani.