Ndevu Chini ya Barakoa

Jumatatu, 2 Juni

Mtunzi wa katuni ya Mnara amesema hajui kama shujaa wake, Mlinzi wa mnara, ni mwanamume au mwanamke. Kasema leo asubuhi, katika mahojiano ya dakika nne. Kaongeza kuwa hajawahi kujiuliza. Hajawahi kujiuliza! Mimi nimemchora Mlinzi mara 214, na mara zote ndevu zinachungulia chini ya barakoa.

Hali ni hii. Hifadhi yetu ya michoro ya mashabiki, huko mtandaoni, ina rafu mbili. Rafu Kuu ni ya michoro inayofuata hadithi ilivyo. Rafu ya Pembeni ni ya wanaobadilisha mambo, na haitembelewi na mtu. Lebo, neno linalobandikwa kwenye mchoro, ndiyo inayoamua ukae wapi. Jumamosi saa sita mchana wachoraji kumi wanaotazamwa zaidi Rafu Kuu watateuliwa, na michoro yao itachapwa kitabuni. Mimi ni wa tisa. Nimeshamwambia dada, nimemwambia Daktari wa meno ninayemfanyia kazi ya mapokezi, na wagonjwa saba. Mmoja alikuwa na pamba mdomoni. Hakupinga.

Wa kumi ni Fundi wa meno bandia, chumba cha pili kutoka mezani kwangu. Ndiye aliyenifahamisha Hifadhi. Mimi, yeye na Mkutubi mstaafu aliyeianzisha ndio wasimamizi wa lebo. Kufika saa nne Fundi alikuwa ameshaweka pendekezo: jinsia ya Mlinzi iandikwe "haijulikani". Tutalipigia kura Alhamisi, sisi watatu. Lina aya kumi na moja. Nimesoma mbili. Zinatosha kumjua mtu.

Jumanne, 3 Juni

Kwenye jukwaa la Hifadhi, maoni 340 kabla ya chakula cha mchana. Mmoja amepima mabega ya Mlinzi kwa rula. Mwingine amepima rula. Wa tatu anauliza lebo ni ya mhusika au ya mchoro, na hakuna aliyemjibu kwa sababu lilikuwa swali la maana.

Nikaweka hoja yangu: Mlinzi ana mabega mapana, haongei, na akipotea haulizi njia. Kwa hiyo mwanamume. Watu wanne waliunga mkono. Wawili kati yao ni mimi.

Nyumbani nikamsomea dada. Alikuwa anakunja nguo. Akasema yeye pia ana mabega mapana, ameyapata kwa kuibeba nyumba hii, na kama kutoongea ndio uanaume basi mimi nianze leo. Nikamwambia haelewi mambo ya Hifadhi. Akasema anaelewa zamu ya vyombo.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata njia! Msimamizi anaweza kufunga lebo moja kwa nyingine: kila mchoro wenye ya kwanza unapata ya pili papo hapo. Mlinzi havui barakoa hata akila. Nikafunga "barakoa" kwa "mwanamume". Saa tatu na nusu, mgonjwa wa kwanza akiwa kitini. Kimyakimya. Kura ikifika, kila mchoro wa Mlinzi utakuwa umeshasema neno lake.

Saa nne kasoro: michoro 12,406 imegeuka wanaume. Sikukumbuka kwamba si Mlinzi peke yake duniani anayevaa barakoa. Malkia wa Barafu, mwanamume. Nesi mwenye mimba ya miezi minane, mwanamume. Mapacha wa kike katika sherehe yao ya kuzaliwa, wanaume. Kuku mmoja anayetaga.

Nikasikia Fundi anacheka hadi akazima mashine ya kusaga meno. Akachungulia mlangoni kuniuliza, jirani, kuku naye anaulinda mnara gani?

Mkutubi akaandika kuuliza nani kafanya. Nikajibu mkono umeteleza. Akajibu kwamba kufunga lebo kunahitaji kuthibitisha mara nne, kwa hiyo huo ni mkono uliodondoka ngazi nzima. Hakuweka alama ya mshangao. Huwa haweki.

Alhamisi, 5 Juni

Mkutubi amesafisha. Lebo "mwanamume" imetolewa kwenye kila mchoro wenye barakoa. Anayeihitaji airudishe mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mkono. Michoro yangu 214 iko uchi! Haina jinsia yoyote! Na bila lebo itakaa rafu gani?

Jioni kura. Pendekezo la Fundi limepita, wawili kwa mmoja. Linaanza kazi Jumamosi saa sita kamili. Mkutubi ametushauri sote tulisome hadi mwisho. Maneno ya mshindi.

Ijumaa, 6 Juni

Fundi kanisimamisha koridoni, meno ya mtu mkononi. Akaniambia, "Jirani, ile michoro yako iache hivyohivyo. Usiguse kitu. Soma aya ya tisa."

Nikamtazama sana. Wa kumi anamshauri wa tisa akae bila kufanya lolote, siku moja kabla ya uteuzi! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamshukuru kwa adabu zote. Nikaenda kufanya kinyume.

Kurudisha lebo moja kunachukua dakika mbili. Kufika saa kumi nilikuwa nimerudisha 97. Daktari akatoka kuuliza kwa nini mwenye jipu amekaa dakika arobaini bila kuitwa. Nikasema mfumo uko taratibu. Mwenye jipu, kwa upande wa mdomo unaofunguka, akasema mfumo ulikuwa unachora ndevu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeanza saa mbili asubuhi. Dada aliweka chai mezani, akaja kuiondoa ikiwa baridi, akasema angalau ningekuwa naumwa angejua aniombee nini.

Mchoro wa 214 umepata lebo saa tano na dakika hamsini na mbili. Ushindi! Dakika nane mkononi. Nikanyoosha vidole.

Saa sita kamili yote 214 ikahamia Rafu ya Pembeni.

Nikasoma aya ya tisa. Inasema: kwa kuwa jinsia ya Mlinzi haijulikani, mchoro wake usio na lebo ya jinsia unabaki Rafu Kuu, awe na ndevu, awe na hereni, awe na vyote. Mchoro ambao mchoraji ameupa jinsia kwa hiari yake unakwenda Pembeni. Kwa hiari yake. Mara 214.

Kitabuni Fundi ni wa tisa. Mimi simo. Nilimpigia Daktari kumweleza kabla hajasikia kwa wengine. Aliniuliza kitabu gani.

Jumapili, 8 Juni

Nimekata rufaa. Nimeandika kwamba mtu mwingine alitumia akaunti yangu kurudisha lebo zile, na kwamba mtu huyo anafahamu kliniki, anafahamu Hifadhi, na anafanya kazi za meno bandia. Sikutaja mtu.

Mkutubi amejibu ndani ya saa moja. Atatusikiliza kikaoni, mimi na Fundi. Ameambatanisha utaratibu wa rufaa, kurasa tatu. Nimesoma wa kwanza. Uko wazi kabisa.

Mchana Fundi akapiga simu. Sauti ya upole, ya kutia shaka. Akasema hana kinyongo, na kama ninataka nafasi yangu kitabuni nifute rufaa leo, nimwambie Mkutubi ukweli kwa sentensi mbili, kwa sababu ukurasa wa tatu unaruhusu aliyekosea kwa mkono wake kusamehewa mara moja. Mara moja tu, na kwa anayekiri kabla ya kikao.

Simu ilikuwa kwenye spika, na dada alisikia yote kutoka jikoni. Akasema, mdogo wangu, mtu akikupigia kelele kwamba kuna shimo, huangalii kwanza alivyovaa.

Mtego ulioje! Wamemwingia hadi dada. Nimeketi kuandika utetezi. Uko ukurasa wa kumi na nne na bado sijafika kwenye mabega.

Kikao ni Jumatano tarehe 11, saa kumi na moja jioni.