Yah: Ombi la Kuisajili Barafu ya Ziwa Torvi Kuwa Boti

Halmashauri ya Kijiji cha Torvi,
Machi 14.

Kwa Katibu,
Kamati ya Ruzuku za Njia za Maji,
Mji Mkuu wa Jimbo.

Mheshimiwa Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na mahali penye joto. Mimi ni karani wa halmashauri ya Torvi, nina miezi saba kazini, na ndimi niliyetia sahihi fomu yetu ya kuomba fedha za kutengeneza mteremko wa zege wa kushushia boti ziwani. Mteremko huo umepasuka katikati na nondo zimechomoza. Fomu ilipouliza ni vyombo vingapi huutumia kwa mwaka, niliandika 214.

Barua yenu inasema mkaguzi atakuja Jumatatu kuviona vyombo hivyo, na kwamba mtumishi aliyetoa taarifa ya uongo atafukuzwa kazi na kushtakiwa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya. Kwa heshima zote, naomba kueleza kwamba 214 si uongo, na kulalamika kama ifuatavyo:

1. Majira ya joto ziwa letu hujaa magugu, na boti zinazoshuka ni tatu, moja ikiwa ya mchungaji, ambayo hairudi bila kuvutwa. Lakini kuanzia Desemba ziwa huganda, na watu hushusha vibanda vyao vya kuvulia samaki kwa mteremko uleule, wakivikokota kwa magari hadi katikati ya barafu. Vibanda ni 211. Nilivihesabu mwenyewe, pua ikiwa imekufa ganzi. Nilimuuliza Mwenyekiti wetu, Bwana Orrin Tveit, kama vinahesabika. Akasema, "Kijana, kinashushwa ziwani, mtu anakaa ndani, anavua samaki, anamkimbia mkewe. Kama hiyo si boti, ni nini? Tia sahihi, kahawa inapoa."

2. Mfuko wenu hujazwa na ada za usajili wa boti pamoja na sehemu ya kodi ya petroli inayochomwa juu ya maji. Sasa, kila kibanda hapa kina keekee ya petroli ya kutobolea barafu ili ndoana ipite, na chini ya barafu, kama mkaguzi atakavyothibitisha, kuna maji. Bibi Arlys Niemi, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, hutoboa mashimo sita kabla ya kifungua kinywa. Alipoambiwa kwamba kodi yake hujenga gati za watu wa kusini, alisema maneno ambayo nimeyapunguza makali: "Waambie hao wenye kaptula waje watoboe hata shimo moja, ndipo tujue nani ni mtu wa majini."

3. Msaidizi wako aliniambia kwa simu kwamba kibanda si chombo, kwa sababu hakielei. Kimekaa tu juu ya barafu. Nilimshukuru, nikakata simu, nikafungua kanuni zenu. Zinasema chombo ni "kitu chochote kinachoelea na kinachoweza kubeba watu juu ya maji". Nakubali, kibanda hakielei. Barafu ndiyo inayoelea. Na kubeba inabeba: Jumamosi ya mashindano ya uvuvi ilibeba watu mia sita, magari yao, sufuria kumi na nane za viazi na nyama, na bendi ya shule. Hakuna boti katika jimbo hili iliyowahi kufanya hivyo bila hata kuyumba.

4. Hivyo basi, halmashauri inaomba barafu ya Ziwa Torvi isajiliwe kuwa boti moja yenye urefu wa maili mbili, na vibanda vihesabiwe kuwa vyumba vyake. Kwa kuwa mnagawa ruzuku kwa kuzingatia urefu wa boti, tumekokotoa na kuona tunastahili ruzuku ya jimbo zima kwa miaka kumi na minne. Lakini sisi si watu wa tamaa. Tunataka mteremko tu.

Fomu ya usajili imetangulia kwa posta ya jana. Ilihitaji jina la mmiliki. Mkutano mzima ulitazama viatu vyake, kisha Bwana Tveit akasema, "Andika lako, kijana. Una mwandiko mzuri." Nimeandika.

Wasalimie wajumbe wote, pamoja na msaidizi wako wa simu. Mkaguzi namwomba avae soksi mbili mbili.

Wako mtiifu, mwenye wasiwasi,

Wendell Kivela,
Karani.

N.B. Alasiri hii, kabla sijabandika stempu, boti yetu imepasuka. Watu wote wameshuka salama, ila gari la Bwana Tveit limezama. Amekuja ofisini akiwa amelowa hadi kifuani, akauliza mbele ya watu, "Mwenye chombo hiki ni nani? Nataka bima yake." Nimefungua tena kanuni zenu: mmiliki wa chombo kilichovunjika anatakiwa kukiondoa ziwani kwa gharama zake mwenyewe ndani ya siku thelathini, vipande vyote. Vipande ni vingi, Mheshimiwa, na vingine vimeshashika mto kuelekea Kanada. Kwa hiyo natamka rasmi kwamba barafu si boti, haijawahi kuwa boti, na boti za Torvi ni tatu. Ikiwa ni lazima nifukuzwe, naomba nifukuzwe kama karani, si kama nahodha.