Pikipiki Inauzwa, Kujaribu Ruksa

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza. Kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi itakaa bila mimi. Wenzangu wameipokea habari hiyo kwa utulivu uliopita kiasi.

Kazi ya likizo: kuuza pikipiki. Mke wangu ni fundi wa nguo, anashonea pale pale sebuleni, na anataka cherehani ya umeme. Ile ya kukanyaga imemmaliza magoti. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima na shule zinakaribia kufunguliwa. Amesema pikipiki imekaa uani kama mgeni asiyejua kuaga, basi iuzwe. Nikamwambia kuuza ni sanaa. Akasema sawa, ila sanaa yenyewe iwe na mwisho.

Jioni akaja shemeji, mdogo wake wa kiume, fundi pikipiki mwenye gereji kwenye barabara ya kutokea mjini. Akaipiga kiki mpaka jasho likamtoka, ndipo ikawaka. Akaizungusha mtaani, akarudi na kusema gia ya tatu inachomoka. Akajitolea kuitengeneza bure. Nikakataa. Mtu akikutengenezea kitu bure, utamsikiliza maisha yako yote.

Hata hivyo nilimsikiliza. Akaniambia asipande mtu kuijaribu kabla sijashika kitambulisho chake na bei nzima mkononi, na hata hapo nipande nyuma yake. Nilimshukuru. Shemeji anajua nati. Watu hawajui. Mimi nimesimama kaunta miaka mingi. Mtu akiingia tu mlangoni najua kama atanunua misumari au amekuja kukimbia mvua.

Tangazo nimebandika kwenye nguzo ya umeme: Pikipiki inauzwa, haina tatizo, kujaribu ruksa. Mke wangu akauliza, gia ya tatu si tatizo? Nikamweleza kwamba kibiashara, tatizo ni kile kitu ambacho mnunuzi anakijua.

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu ya kwanza: petroli kidogo sana, ya kufika kona ya duka la dawa na kurudi. Mwizi hawezi kwenda popote. Mbinu ya pili: kuipasha injini moto kabla mnunuzi hajafika, ili iwake kwa kiki moja. Sijui kwa nini watu hulipa mawakala.

Mnunuzi akaja. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, suti na tai. Akagusa injini, akaungua kidole. Akauliza imekuwaje ina moto na imeegeshwa tangu asubuhi. Nikamwambia ni jua. Akatazama juu. Kulikuwa na wingu zito.

Lakini ilimpendeza. Akatoa kitambulisho chake mwenyewe, bila kuombwa, akaninyooshea. Nikakirudisha. Kumshikia kitambulisho mtu mwenye tai ni kumtukana. Akaipanda, akaondoka vizuri, mimi nikaingia ndani kunywa chai ya ushindi.

Nilikunywa chai yote. Kisha nikanywa nyingine.

Alirudi kwa miguu, tai ameitupia begani, anaisukuma pikipiki kupanda mlima. Nyuma yake kundi la wanafunzi wake aliokutana nao njiani, wengine wakisukuma, wengine wakicheka kwa adabu. Petroli ilimwishia katikati ya makutano ya barabara, kwenye gia ya pili, kwa sababu ya tatu iligoma.

Nikaanza kumweleza habari za mwizi na petroli. Akanikata kauli.

"Bwana," alisema, "nilikuja kununua pikipiki. Sikuja kununua mkokoteni."

Jumatano, 6 Agosti

Nimejifunza. Petroli kidogo ni kosa. Leo nimejaza tangi mpaka juu.

Nilipokuwa namimina, mke wangu alisimama mlangoni na mkasi mkononi, akanieleza jambo refu. Lilikuwa na neno mgeni, neno kesho, na neno kituo cha mabasi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila shaka. Ndoa njema ni kusikilizana.

Alhamisi, 7 Agosti



Asubuhi mke wangu alitoka kwenda kununua vitambaa vya sare. Baada ya muda nikasikia hodi. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, kabeba begi kubwa. Pembeni yake mama mtu mzima, anachechemea kidogo, amechoka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, mama," kijana akamjibu kabla yangu. Akamshika mkono, akamketisha kwenye kochi, begi akaliweka karibu na miguu yake. Malezi mazuri hayajifichi. Kisha akaniambia amesoma tangazo kwenye nguzo, anaomba aijaribu mara moja.

Hapo nikakumbuka maneno ya shemeji. Nikamuuliza ataacha nini. Kijana akatabasamu, akaonyesha kochi. "Si mama yupo hapa?" Akamgeukia. "Mama, pumzika. Mimi sichelewi."

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Mungu akubariki kwa wema wako."

Nikampa funguo. Nikampa na kofia yangu ngumu, ile mpya. Mtu anaweza kughushi kitambulisho. Mama hawezi kumghushi.

Kijana akawasha kwa kiki moja, akakunja kona ya duka la dawa, na sauti ikafifia.

Mama akaanza maswali. Mwenye nyumba yuko wapi? Tumepata watoto? Mbona ukuta ule una unyevu? Nikajibu kwa heshima. Nilifurahi kwamba familia yenyewe inachunguza muuzaji. Ni dalili ya wanunuzi makini.

Saa zikapita. Nikatoka barabarani, nikarudi. Nikatoka tena. Mama akavua ndala zake, akauliza kama anaweza kujinyoosha chumbani, mguu unamuuma. Nikamwambia kwa upole kwamba hakuna atakayetoka sebuleni mpaka mwanawe arudi.

"Mwanangu yupi?" akauliza.

Nikacheka kicheko cha kumwonyesha kwamba mbinu hizo tunazijua. Kisha nikachukua ndala zake nikaziweka juu ya kabati. Begi nikalisukumia nyuma ya cherehani. Nikamweleza kuwa ndio utaratibu wa biashara, na kwamba kijana asiporudi itabidi tuzungumze mbele ya askari. Akazitazama ndala zake kule juu.

"Kumbe ndivyo mlivyo huku," akasema. Akaomba maji. Nikampa nusu bilauri, asije akapata sababu ya kutoka nje.

Mke wangu akaingia na furushi la vitambaa. Furushi likaanguka.

"Shangazi!"

Wakakumbatiana. Wakalia kidogo, wakacheka, wakalia tena. Mimi nilisimama kando ya kabati. Kisha yule mama akanyoosha kidole upande wangu, akauliza kama huyu ndiye mume. Mke wangu akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kituo cha polisi kutambua kitu chake kilichookotwa.

Ni shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Harusi yetu hakuja kwa sababu alikuwa hospitali, anapasuliwa mguu. Jana niliagizwa nikampokee kituo cha mabasi, na nilisema ndiyo, bila shaka. Hakuniona, akauliza njia, na kijana mmoja mwenye shati la pasi akamwambia nyumba hiyo anaifahamu, naye anaelekea huko huko. Akambebea mzigo njia nzima.

Nikauliza basi kwa nini alimwita mwanangu. Nilidhani nimembana.

"Kijana kanibebea begi toka kituoni mpaka hapa," Shangazi akasema. "Ulitaka nimwite nani? Hata wewe nilikuita mwanangu."

Mke wangu akapanda kigoda kuzitoa ndala juu ya kabati. Hakuniomba nimsaidie, ingawa mimi ndiye mrefu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kituo cha polisi. Askari wa zamu akaandika rangi ya pikipiki, namba, sura ya mtuhumiwa. Akauliza kama mtuhumiwa aliacha kitu chochote. Nikasema aliacha shangazi.

"Shangazi yake?"

"Hapana. Wa mke wangu."

Askari akaweka kalamu chini. Akamwita mwenzake kutoka chumba cha nyuma na kuniomba, kwa adabu kabisa, nirudie kutoka mwanzo. Yule mwenzake akamwita mwingine. Walinisikiliza vizuri. Mmoja alitoka nje kabla sijamaliza, nikamwona dirishani ameinama, mabega yanatikisika.

Nyumbani mke wangu anaongea nami kupitia kwa Shangazi, ingawa sote watatu tuko chumba kimoja. Shangazi, mwambie chakula kiko tayari. Shangazi naye ananiambia chakula kiko tayari. Najibu ahsante, na ahsante yangu inapelekwa.

Mchana nilimkuta mke wangu peke yake kwenye cherehani. Anakanyaga, anasimama, anasugua goti, anakanyaga tena. Rundo la vitambaa vya sare lilikuwa refu kuliko yeye aliyekaa. Hakujua kuwa namwona. Nikatoka uani nikasimama pale pikipiki ilipokuwa, kwenye doa la oili. Sikuwa na mbinu yoyote. Ni hali mbaya, sikuizoea.

Jumapili, 10 Agosti

Imepatikana!

Shemeji alimpigia dada yake, si mimi. Jana kijana nadhifu alifika gereji akisukuma pikipiki, jasho limemharibia shati, analalamika kwamba gia ya tatu imekwama kabisa. Alisema aliyemuuzia ni mwizi mkubwa, anamvika mtu kilemba cha ukoka huku anamuuzia mbuzi kwenye gunia. Shemeji aliitambua pikipiki kabla haijaingia ndani. Akasema haanzi kazi bila kitambulisho cha mteja, ndio utaratibu wake. Kijana akasema kitambulisho kiko nyumbani, anakifuata. Akaondoka haraka kwa miguu. Kofia yangu ameiacha. Shemeji ameitengeneza gia, bure, na kuileta pikipiki mwenyewe.

Nilisimama mbele ya familia nikafafanua. Kama ningekubali gia itengenezwe Jumatatu, leo pikipiki ingekuwa imevuka mpaka. Ule ubovu ulikuwa kufuli. Kwa maneno mengine, aliyeiokoa pikipiki ni mimi.

Nilingoja. Shemeji akasema anahisi njaa. Shangazi akamwambia mke wangu aniambie nikae.

Jumatatu, 11 Agosti

Shangazi ameichukua biashara. Hakuniuliza. Asubuhi alinituma shuleni kumwomba radhi mwalimu mkuu na kumwambia kuna mama anataka kuzungumza naye. Mwalimu alikuja, nadhani kwa udadisi.

Nilishuhudia yote na sina budi kuandika kwamba hapakuwa na sanaa hata kidogo. Shangazi akamketisha. Akamwambia gia ya tatu ilikuwa mbovu, sasa imetengenezwa, na fundi huyu hapa, muulize. Akamwambia asubuhi za baridi inataka kiki nyingi. Akamwambia kiti kimechanika chini ya kifuniko. Mimi nilikuwa namkonyeza. Akaendelea.

"Na lile jua la siku ile," akasema, "halikuwepo. Huyu alikudanganya."

Mwalimu mkuu akaangua kicheko mpaka akavua miwani. Akaweka kitambulisho mezani, akamkabidhi mke wangu bei yote aishike, akapanda, na shemeji akakaa nyuma yake. Walirudi chai ikiwa bado moto. Akanunua. Hakuomba hata punguzo.

Nilimwambia Shangazi kwamba alibahatika. Angekutana na mnunuzi mjanja, ukweli wote ule ungemponza.

Jumatano, 13 Agosti

Cherehani ya umeme imefika. Inanguruma kama paka aliyeshiba. Shangazi anakata, mke wangu anashona, na rundo linashuka kwa macho.

Jioni mke wangu alikuwa na pindo refu lililokuwa linamteleza. Akasema, "Shika hapa." Sikujua anasema na nani, nikamtazama Shangazi aniletee ujumbe. Shangazi akasema yeye ameacha kazi ya utarishi. Nikashika. Nilishika mpaka pindo likaisha, na hata baada ya hapo kidogo, na hakuniambia niachie.

Jumatano, 20 Agosti

Sare zimekabidhiwa zote. Shangazi amesafiri. Wakati wa kuagana aliniita mwanangu tena, baada ya kufikiri kidogo.

Mke wangu amenisamehe kabisa. Wiki iliyopita alinipa hata kile kilichobaki kwenye bei ya pikipiki, nikanunue viatu vya kazini.

Viatu ni mawazo madogo. Wiki hiyo hiyo nilimwona bwana mmoja anauza gari dogo la kijivu. Nikamwomba nilijaribu. Akakataa katakata. Akaniambia hamruhusu mtu yeyote kuliendesha kabla ya kulipia, kwa sababu dunia imejaa wezi, na akanisimulia mambo aliyoyaona. Nilimpa mkono pale pale. Kwa yote yaliyonipata, hapo ndipo nilipotambua thamani ya muuzaji makini. Nikamwachia malipo ya awali, pesa zile za viatu zote. Risiti hakunipa, nami sikumwomba, maana kumdai risiti mtu wa namna ile ni kumkosea adabu.

Alisema gari atalileta mwenyewe Jumanne. Mke wangu sijamwambia, nataka afurahi kwa ghafla. Jana nilikaa mlangoni kutwa nikimngojea. Leo ni Jumatano, na nimetambua kosa langu: sikumuuliza Jumanne ipi.