Chumba cha Jua na Watawa wa Jangwani

Jumatatu, 8 Julai
Murielle, mwenzetu wa nyumba hii ya kupanga, ameolewa, amehama. Chumba chake cha mbele kiko wazi. Kina dirisha, na jua mpaka saa tisa! Changu hakina dirisha, na baridi ya Joburg haina huruma. Nakitaka. Victorine, fundi cherehani, naye anakitaka, eti apate mwanga wa kutunga sindano. Tutaamua Jumamosi kwa kura.

Jumanne, 9 Julai
Kazini Braamfontein, nalinda mlango wa ukumbi. Ndani mhadhiri alieleza habari za watawa wa zamani, jangwa la Misri. Mamia pamoja: jiko moja, meza moja, hakuna mwenye chake. Mkuu wao Pakomi ndiye aliyepanga nani akae wapi. Hapo nikapata akili! Zamu ikaisha, nikaondoka. Niliyoyasikia yanatosha.

Jumatano, 10 Julai
Nimewahubiria wenzangu jikoni. Tuishi kama wale watakatifu, chini ya mkuu mmoja. Nikajitolea mwenyewe, kwa unyenyekevu. Gaël, muuza viatu, aliuliza kama mkuu anaosha masufuria. Nikamjibu mkuu anaomba. Victorine hakubisha. Aliandika tu jina la Pakomi kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu kimya chake ni cha kushindwa.

Jumamosi, 13 Julai
Nimepata kura zote za ukuu! Hata ya Victorine! Kisha akasoma kwenye simu, polepole, kama padri. Kwamba Pakomi aliwapikia wafuasi wake wa kwanza na kuwahudumia mwenyewe. Kwamba watawa wake hawakulala kitandani, walilala wameketi. Gaël akasema eish, mkuu wetu ana kazi. Nikadai chumba. Victorine akauliza anayelala ameketi chumba cha nini, kiti si kiko jikoni? Akahamia mbele. Kitanda changu wamekibeba pia, anapanga vitambaa juu yake.

Jumatatu, 15 Julai
Shingo imekakamaa. Nimesonga bukari, ugali wetu, nimetwanga sombe, majani ya muhogo, nimeosha masufuria. Inauma, sifichi. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Jumanne, 16 Julai
Mhadhara mwingine! Kumbe kabla ya Pakomi walikuwapo watawa waliokaa peke yao, kila mmoja na pango lake. Hakuna mkuu, hakuna masufuria. Kesho nawahubiria, kila mtu na chumba chake, na mimi nianze kuchagua. Mhadhiri alikuwa ndiyo kwanza anaeleza walikula nini, zamu yangu ikaisha. Haidhuru. Niliyoyasikia yanatosha.